Nembo, Namba na Jina: Maisha ya Edward Saidi Tingatinga

Anayevuka feri ya Likoni na kushika njia ya kushoto kuelekea Shelly Beach huingia katika ukanda wa wachoraji wanaotegemea wageni wa pwani. Kuanzia hapo hadi Diani wapo wanaochora mwilini kwa hina na piko, na wachache wenye sindano za tatuu. Wapo pia wanaouza picha za wanyama zilizopakwa rangi za kung'aa, ambazo muuzaji na mnunuzi huziita kwa neno moja tu, tingatinga. Mchora mwili hujizoeza kwanza kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi iliyoharibika hutupwa na ngozi haitupiki. Ndiyo maana fundi wa tatuu aliyepitia penseli na brashi huaminiwa zaidi kuliko yule aliyeanza na sindano. Safari ya kawaida, basi, ni ya kutoka karatasini kwenda ngozini. Mtu ambaye jina lake limebandikwa kwenye zile picha za wanyama alitokea upande wa pili. Alizaliwa katika nchi ambamo watu walichorwa ngozini, akafikia kwenye ubao.

Kiswahili chenyewe kimeihifadhi safari hiyo. Kitenzi kuchora hakikuwa cha penseli pekee. Kilihusu pia kukata alama juu ya kitu kigumu, kama mti wa mlango. Kuchanja ni kupasua ngozi kidogo, na mzizi huohuo umezaa chanjo inayotolewa zahanati. Kutoja na tojo zimo katika kamusi ingawa vijana wengi hawazijui. La ajabu zaidi ni neno nembo. Leo msomaji akilisikia hufikiria ngao ya taifa au alama ya kampuni, ilhali kamusi za zamani hulieleza kuwa alama ya kabila iliyochanjwa mwilini, na Wamakonde huziita chale zao dinembo. Neno limetoka usoni pa mtu likahamia kwenye barua za ofisi. Tatuu, kwa upande wake, ni neno la visiwa vya Polynesia lililobebwa na mabaharia wa Kapteni Cook katika karne ya 18, likapita katika Kiingereza kabla ya kufika Mombasa. Lugha yenye chale, tojo na nembo haikuwa na upungufu uliolazimu mkopo huo. Lakini lugha hukopa hata pasipo upungufu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanganyika, katika ukanda unaopakana na Msumbiji kwenye mto Ruvuma. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba alikuwa Mngindo na Mwislamu, mama Mmakua na Mkristo, na majina mawili ya mtoto yanaonyesha kwamba kila upande ulipewa haki yake. Shuleni alikaa miaka michache tu. Darasa la uchoraji hakuwahi kuketi, si wakati huo wala baadaye.

Kusini huko ndiko kulikuwa na mojawapo ya desturi mashuhuri za uchoraji wa mwili katika Afrika Mashariki. Wamakua na Wamakonde walichanjwa usoni, kifuani, tumboni na mgongoni. Fundi alipasua ngozi kwa kisu kidogo, akafuata mistari na vipembe alivyokusudia, kisha akasugua unga wa mkaa ndani ya kidonda ili alama ipone ikiwa na rangi. Kazi haikuisha siku moja. Ilirudiwa mpaka mchoro ushike. Aliyechanjwa alipaswa kustahimili, na aliyechanja alipaswa kuwa na mkono usiotetemeka, maana hapakuwa na kufuta. Nembo ilikuwa pambo na ushahidi wa ujasiri, na zaidi ya hayo ilikuwa kitambulisho. Anayejua kuisoma aliweza kutambua mwenyewe ni wa watu gani kabla ya kuulizana majina. Katika ujana wa Tingatinga desturi hiyo ilikuwa imeanza kufifia mbele ya misheni, shule na safari za kutafuta kazi, lakini nyuso za wazee zilikuwa bado zinasomeka. Vinyago vya Kimakonde vinavyovaliwa katika ngoma ya mapiko viliwekewa nembo hizohizo kwa vipande vya nta. Kwa hiyo alama zilikwisha kuijua njia ya kutoka ngozini kwenda kwenye mti muda mrefu kabla ya soko la watalii.

Wapo watafiti waliotafuta asili ya picha za Tingatinga katika michoro ya kuta za nyumba za kusini, na wapo walioitafuta kwingine kabisa. Kudai kwamba picha zake ni chale zilizohamishwa kungekuwa kuutia chumvi ushahidi. Kinachoweza kusemwa kwa yakini ni kidogo, lakini kina uzito: mtoto huyu alikulia mahali ambapo mstari uliochorwa ulikuwa na maana, na ambapo mwenye mkono mzuri wa kuuchora alijulikana.

Katika miaka ya 1950 aliondoka kwao kwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Njia hiyo ilikuwa imekanyagwa na maelfu ya vijana wa kusini. Wafanyakazi wa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja wao alitambuliwa kwa namba, na neno hilo limebaki katika Kiswahili likiwa na machungu yake. Mtu aliyetoka katika jamii inayojitambulisha kwa nembo alifika mahali ambapo utambulisho wake ulikuwa tarakimu katika daftari la mwajiri.

Wengine wa kusini hawakuishia Tanga. Wamakonde waliovuka mpaka waliajiriwa katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale, kusini mwa Likoni, na wengine wakaendeleza uchongaji. Wao na watoto wao waliishi Kenya kwa miongo kadhaa bila vitambulisho, mpaka walipoandamana kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016, ndipo serikali ilipowatambua kuwa kabila la 43 la nchi. Ni kinaya kinachostahili tamthilia: wajukuu wa watu waliobeba kitambulisho usoni walinyimwa kibali, shule na haki ya kupiga kura kwa kukosa kipande cha kadi. Tanga iko karibu zaidi na Mombasa kuliko Dar es Salaam. Tingatinga angefuata njia ya kaskazini, huenda historia yake ingekuwa sehemu ya historia ya Kwale.

Alifuata njia ya kusini. Dar es Salaam alipokewa na jamaa yake, kama ilivyo desturi ya wageni wa mji, akawa anafanya kazi za nyumbani na za bustani kwa Wazungu, pamoja na vibarua vingine vilivyojitokeza. Aliishi upande wa Msasani, jirani na Oyster Bay, mtaa wa maofisa wa kikoloni ambao baada ya Uhuru wa mwaka 1961 ulikaliwa na viongozi, mabalozi na wataalamu wa kigeni. Miaka hiyo haina mengi ya kusimuliwa. Mtunza bustani hupita mlango wa nyuma, na nyaraka za mji hazimwoni.

Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36. Umri huo unafaa kuzingatiwa na kila anayedhani kwamba sanaa ina dirisha linalofungwa mapema. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka uliotangulia, na nchi nzima ilikuwa ikizungumzia kujitegemea. Mitaani Dar es Salaam ziliuzwa picha zilizotoka Kongo, na inasimuliwa kwamba Tingatinga alipoziona, akaona pia kwamba zinanunuliwa, aliamua kujaribu mkono wake. Sababu ya fedha haipaswi kufichwa kwa aibu. Watunzi wengi wa mashairi ya pwani walitunga kwa kutumwa na wakalipwa, na hakuna anayewavua ushairi kwa ajili hiyo.

Vifaa alivyotumia vilikuwa vya duka la vifaa vya ujenzi na la baiskeli. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua mbao nyembamba za kiwandani zinazotumiwa kwa dari, akakata vipande vya mraba ambavyo aghalabu vilikuwa na upande wa karibu sentimita 60, akavipaka rangi ya mafuta yenye kung'aa, ya aina inayopakwa baiskeli. Rangi hiyo hukawia kukauka, hivyo tabaka la kwanza lilisubiriwa kabla ya la pili kuwekwa. Alipaka uwanja mzima rangi moja, kisha juu yake akamweka mnyama mmoja, au wawili: chui, tembo, kiboko, ndege juu ya tawi. Mnyama hujaza ubao karibu wote. Hana kivuli, hana mandhari nyuma yake, na mara nyingi jicho lake humtazama mtazamaji moja kwa moja. Mipaka yake ni mstari imara, na ngozi yake imejazwa madoa na michirizi inayorudiwa kwa mpangilio.

Hapo ndipo mwenye kujua uchoraji wa mwili hupata la kujifunza. Mchora tatuu anayetoka kwenye uchoraji wa karatasi hulazimika kuacha mambo mengi aliyofunzwa: kivuli laini kupita kiasi, mandhari ya mbali, vijistari vingi visivyo na kazi. Ngozi hudai umbo linalosomeka kwa haraka na mstari usiositasita. Tingatinga, ambaye hakufunzwa hayo ya kuacha, aliyafikia matakwa hayo kwa sababu ya ubao na rangi yake. Makosa katika rangi ya mafuta iliyo mbichi hayafutiki kwa urahisi. Alilazimika kujua anachotaka kabla ya kushusha brashi.

Picha zake za mwanzo ziliuzwa kwa bei ndogo mno. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, na mke huyo ndiye aliyesimama na picha nje ya Morogoro Stores, maduka ya Oyster Bay yaliyopendwa na wageni. Simulizi nyingi humtaja kwa sentensi moja na kuendelea, jambo ambalo halimtendei haki. Bila muuzaji mwenye subira katika eneo lile, picha zingebaki zimeegemezwa ukutani Msasani. Walijaliwa watoto wawili, Daudi na Martina.

Mahitaji yalipokua, Tingatinga aliwaita jamaa na marafiki kutoka nyumbani kusini. Miongoni mwao walikuwa January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo na Simon Mpata. Waliketi pamoja, wakamtazama anavyofanya, wakaanza kwa kujaza rangi katika maumbo aliyoyachora yeye kabla ya kuthubutu maumbo yao wenyewe. Hakukuwa na ada wala cheti. Ufundi ulipita kutoka mkono hadi mkono kwa njia ya undugu, kama ulivyokuwa ukipita ufundi wa chale, wa kuchonga au wa kujenga jahazi. Mwenyewe alipata pia kazi katika hospitali ya Muhimbili, akawa mtumishi wa hospitali wakati wa kazi na mchoraji baada ya kazi. Shirika la umma lililosimamia mauzo ya kazi za sanaa lilikuwa limeanza kununua picha zake. Kwa mara ya kwanza jina lake lilianza kusikika nje ya mtaa wake. Kwenye ubao alilitia kwa herufi kubwa: E. S. TINGATINGA.

Mwaka 1972, usiku, akiwa ndani ya gari pamoja na wenzake jijini Dar es Salaam, polisi waliwadhania kuwa majambazi wanaotoroka na wakafyatua risasi. Tingatinga alipigwa, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 40, na alikuwa amechora kwa takribani miaka minne. Ni vigumu kuandika juu ya kifo hiki bila kurudi kwenye suala la utambulisho. Jina lake lilikuwa limekwisha kuvuka bahari likiwa pembeni mwa mbao zake, na bado katika barabara ya mji alioishi hakuna aliyemtambua kwa wakati.

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliunda ushirika wa kuendeleza kazi, na mwaka 1990 ukasajiliwa rasmi kuwa chama cha ushirika cha wasanii wa Tingatinga, palepale Morogoro Stores. Mtindo nao ulibadilika. Mnyama mmoja mkubwa akazungukwa na wengine, kisha pori zima likajaa, kisha zikaja picha za vijiji, hospitali, masoko na mashetani. Turubai ikachukua nafasi ya ubao kwa sababu hukunjwa na kuingia katika sanduku la msafiri. Simon Mpata alihamia Kenya, akapata wapenzi wengi hasa Japani, na baada ya kifo chake mwaka 1984 hoteli moja ya Maasai Mara ilipewa jina lake. Kuanzia mwaka 2010 watoto wa nchi nyingi walitazama katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa kuiga mtindo huu na kusimulia ngano za Kiafrika.

Kadiri mtindo ulivyosambaa ndivyo jina lilivyobadilika kisarufi. Katika Tanzania tingatinga lilikuwa tayari neno la Kiswahili, mtambo wa kulimia au kusukumia udongo, na wingi wake ni matingatinga. Jina la mtu lilipogeuka kuwa jina la picha, halikuifuata ngeli hiyo. Muuzaji husema tingatinga hii na tingatinga hizi, akilipatanisha na neno picha ambalo halitamki. Ni mfano mzuri kwa mwanafunzi wa mofolojia, na ni wa kusikitisha kwa mwanafunzi wa historia, kwani herufi kubwa ilipoondoka, mtu aliondoka nayo.

Jijini London yalitokea mambo kinyume chake. Sutherland Macdonald, askari wa zamani aliyekuwa na kipaji cha kuchora, alifungua chumba cha kuchora tatuu katika mtaa wa Jermyn mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1894 kitabu cha anwani za biashara cha mji huo kililazimika kuanzisha kundi jipya la kazi kwa ajili yake, kwa kuwa fani hiyo haikuwa na mahali pa kuandikwa, na kwa miaka kadhaa akabaki peke yake ndani ya kundi. Macdonald alihitaji jina la kazi ili aheshimiwe. Tingatinga aliipa kazi jina lake, na heshima ikaenda kwa bidhaa.

Wahakiki wamezitupia picha hizi lawama ileile iliyotupiwa fasihi pendwa katika Kiswahili: kwamba zimetengenezwa kwa soko, zinarudia yaleyale, zinamwonyesha mgeni Afrika anayoitaka. Sehemu ya lawama ni kweli. Utegemezi wa mgeni una gharama, na ukanda wa Likoni unaufahamu vizuri. Ghasia zilizoanza kwa shambulio la kituo cha polisi cha Likoni tarehe 13 Agosti 1997 ziliwakimbiza watalii, na kila aliyeuza picha au kinyago kuanzia Shelly Beach kuelekea kusini alibaki na mali mkononi. Hata hivyo lawama hiyo inapomwangukia Tingatinga mwenyewe hukosea shabaha. Haiwezekani kumshtaki mwanzilishi kwa kurudia jambo ambalo kabla yake halikuwepo. Anayeziweka picha za 1969 au 1970 kando ya zile za siku hizi huona mara moja tofauti ya ukimya na kelele. Chui wa Tingatinga yuko peke yake, na haonekani kumfurahisha yeyote.

Kazi zilizotoka mkononi mwake haziwezi kuwa nyingi, kwa muda mfupi aliopewa, na bei zake zimepanda kupita mawazo ya mtu aliyewahi kuziuza kando ya barabara. Kwa sababu hiyo zimezuka pia za kughushi, zenye sahihi yake juu ya ubao ambao hakuugusa. Wakusanyaji hulazimika kukagua aina ya mbao, kuzeeka kwa rangi na namna mstari ulivyovutwa, yaani husoma mkono badala ya jina. Daudi, aliyekuwa mtoto mdogo sana baba yake alipouawa, naye alikuja kuwa mchoraji, na huandika Tingatinga kwenye picha zake kwa kuwa ndilo jina alilozaliwa nalo.